Mkonga ukigoma kuwaka: sikiliza stata, tafuta upepo, pampu iwe ya mwisho

Kuna sentensi moja inayowamaliza pesa wenye Land Cruiser Mkonga, ile yenye bomba la hewa lililopanda juu, kuliko zote: "Bosi, hapa pampu imekufa." Husemwa asubuhi, gari limegoma, betri imeshachoka, boneti iko wazi. Ikifika saa nne pampu hiyo, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, imeshafunguliwa na vipande vyake viko ndani ya beseni. Mara nyingi pampu hiyo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mpira mdogo uliopasuka kwenye filta, au waya wa ethi, ule wa upande wa hasi ya betri, ulioliwa na kutu. Na pampu ikishafunguliwa na mtu asiye na mashine ya kuipimia, hairudi tena kama ilivyokuwa.

Hapa nazungumzia Mkonga wenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6 kwenye mstari mmoja, cc 4,164, haina tabo, na pampu yake haiongozwi na kompyuta. Magari ya familia ya 70 yalianza kutoka mwaka 1984, na injini hii ikaingia mwaka 1990. Ndiyo hiyo hiyo inayobeba wajawazito kutoka zahanati za mbali, askari wa wanyamapori na wageni wa mbugani. Likigoma asubuhi kuna mtu anasubiri, kwa hiyo kutafuta ugonjwa kwa mpangilio si anasa.

Dizeli ya aina hii haina plagi za cheche. Inataka vitu vitatu tu: izungushwe kwa kasi, ipate mafuta yasiyo na upepo, yaani hewa, na hewa iliyokandamizwa ndani ya silinda iwe na joto la kuyaunguza mafuta hayo. Kazi yako ni kujua kipi kati ya hivyo kimekosekana kabla hujashika spana.

Sikio kwanza

Mwambie mtu apige stata, au selfu kama mlivyozoea kuiita, wewe simama kwenye boneti iliyo wazi. Kila mpigo usizidi sekunde 10, kisha iache ipumzike nusu dakika.

Ukisikia kimya kitupu, washa taa kubwa halafu piga tena. Taa zikizimika kabisa, kuna terminali isiyoshika au betri iliyokwisha. Taa zikibaki na mwanga wake ule ule, betri ni nzima ila moto, yaani umeme, haufiki kwenye waya mdogo wa solenoidi ya stata, ile swichi ya sumaku inayoiruhusu izunguke. Chukua taa ya kupimia, gusa soketi ya waya huo wakati mwenzako ameshikilia funguo. Taa ikiwaka, ugonjwa uko kwenye stata yenyewe. Isipowaka, rudi nyuma polepole: soketi iliyolegea, rilei (swichi ndogo ya umeme), fyuzi, mwisho swichi ya funguo.

Tak-tak-tak ya haraka ni betri iliyoshuka. Solenoidi inavuta, moto unaanguka, inaachia, inavuta tena. Pima kwa mita: betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuwa tupu. Wakati wa kupiga stata ikishuka chini ya 9.6, ichaji kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Mikonga mingi ina betri mbili zilizofungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Moja ikifa seli inamnyonya mwenzake usiku kucha, kwa hiyo zitenganishe, ziache zipumzike saa kadhaa, upime kila moja peke yake. Angalizo: baadhi ya magari yaliyotoka Japani hutumia volti 24, betri mbili zikiwa zimefungwa kwa mfuatano. Angalia nyaya zilivyopita kabla ya kuazima moto kwenye gari jingine.

Sasa ile tak moja, nzito, halafu kimya. Unarudia mara nne, ya tano stata inazunguka kana kwamba haikuwa na shida. Huu ni ugonjwa wa kawaida mno kwenye stata za Denso za aina hii na hauhitaji stata mpya. Ndani ya kifuniko cha solenoidi mna vipande viwili vya shaba na kisahani cha shaba kilichobebwa na pistoni ndogo. Kila unapopiga stata, kisahani kinavigonga vile vipande ili moto mkubwa upite, na kila mgongano unaunguza shaba kidogo. Kipande cha upande wa waya wa betri ndicho huliwa zaidi. Kikifunguliwa utakiona: ukingo mmoja una shimo jeusi kama ukucha ulioumwa, mwingine bado unang'aa.

Kutengeneza ni hivi. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, usiache hatua hii. Shusha stata, legeza bolti 3 ndogo za kifuniko cha solenoidi, vuta pistoni na springi yake. Toa nati za vipande vya shaba, weka vipya, lakini usikaze bado. Ingiza pistoni, isukume kwa dole gumba na uangalie kisahani kinagusa vipande vyote viwili kwa wakati mmoja. Kikigusa kimoja kabla ya kingine, sogeza kipande mpaka viwe sawa, ndipo ukaze. Kama kisahani chenyewe kimechimbika, badili na pistoni pia. Shaba mpya kwenye kisahani kibovu haimalizi miezi mingi.

Stata ikizunguka kivivu wakati betri ni nzima, tatizo liko njiani, na hapa mita inasema ukweli ambao macho hayauoni. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mmoja wa mita uguse nguzo ya chanya ya betri, nguzo yenyewe na si klipu, mwingine uguse bolti kubwa ya stata. Piga stata. Ikisoma zaidi ya 0.5, waya wa chanya au viungo vyake vinakula moto. Halafu upande wa ethi: nguzo ya hasi na sehemu safi ya bodi ya stata. Zaidi ya 0.3, ethi ni mbovu. Huna mita? Piga stata mara mbili tatu, kisha pitisha kiganja kwenye kila kiungo. Kiungo kilicho cha moto ndicho mgonjwa. Ukikivua solteipu, chini yake utakuta unga wa kijani na nyuzi za shaba zilizokatika nusu. Ethi ya kutoka injini kwenda chesisi husahaulika kila mara, kwa sababu imekaa chini na inapigwa na tope.

Kuna milio miwili inayotaka usimame hapo hapo. Wa kwanza: injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, sauti laini, kama vile hakuna kinachokandamizwa. Shuku mkanda wa taiming, ule unaozungusha kamshafti. Kwenye 1HZ ukikatika pistoni hukutana na valvu, na kuendelea kupiga stata au kusukuma gari ni kuongeza hasara. Mkanda huu una taa yake kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT. Ubadilishe kwenye km 100,000, na kwa gari la vumbi na mito mimi ningeuwahi. Ni kazi ya bolti chache. Hakuna sababu ya kuuacha ukatike wenyewe.

Mlio wa pili: umetoka kuvuka mto, unapiga stata, inagota ghafla, gu! na kusimama. Hayo ni maji ndani ya silinda, na maji hayakandamiziki. Usisukume, usivutwe. Toa plagi zote 6 za hita, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, piga stata maji yaruke nje, ndipo ufikirie kuiwasha. Wanaoburuta gari kwa kamba katika hali hii hukunja koneti, ile mikono ya chuma inayobeba pistoni.

Kisha jicho, nyuma kwenye ekzosi

Stata inazunguka vizuri lakini haiwaki. Nenda nyuma utazame moshi wakati inapigwa.

Hakuna moshi hata kidogo: mafuta hayafiki kwenye silinda. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi: mafuta yanafika, joto halitoshi. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na mtu anayebadili plagi za hita wakati hakuna moshi anapoteza siku yake.

Tuanze na pasipo moshi. Kwenye pampu kuna solenoidi ndogo ya kukata mafuta, yenye waya mmoja. Weka funguo kwenye ON bila kupiga stata, chomoa waya huo, urudishe. Unapaswa kusikia tik ndogo kila unapougusisha. Usiposikia, pima kama waya una moto. Hauna? Fyuzi au waya umekatika. Ukiwa porini kwenye gari la volti 12, vuta waya safi kutoka chanya ya betri hadi kwenye solenoidi hiyo na injini itawaka. Ili kuizima, chomoa waya. Waya una moto lakini tik hakuna? Solenoidi imekufa, na inabadilishwa peke yake bila kufungua pampu.

Tik ipo, moshi hakuna. Sasa tunaingia kwenye upepo, na hapa naomba usomaji wa taratibu, maana ndipo pampu nyingi zisizo na hatia zinapofunguliwa.

Pampu ya 1HZ huvuta mafuta yenyewe kutoka kwenye tangi. Hakuna pampu ya umeme inayoyasukuma. Maana yake njia yote kutoka tangi hadi pampu iko kwenye mvuto. Tundu dogo kwenye njia hiyo halitoi mafuta nje, linaingiza hewa ndani. Ndiyo maana utatafuta vuja chini ya gari na usione tone. Gari likiwa linatembea, mvuto unaishinda hewa kidogo inayoingia na dereva hahisi kitu. Likilala usiku, hewa inapita kwenye tundu lile lile, mafuta yaliyo kwenye paipu yanateremka kurudi kwenye tangi, na asubuhi pampu inavuta upepo mtupu. Dalili yake haifichiki: asubuhi unapiga stata muda mrefu, linawaka kwa kutetemeka, kisha mchana kutwa linawaka kwa mguso mmoja. Likiegeshwa pua ikitazama juu mlimani, linazidi.

Kipimo cha kwanza ni kitufe cha pampu ya mkono kilicho juu ya filta ya dizeli. Asubuhi, kabla ya kupiga stata, kibonyeze. Kama inachukua mibonyezo mingi ndipo kiwe kigumu, na baada ya hapo gari linawaka mara moja, umeshajua kwamba mafuta yalirudi. Kama hakiwi kigumu kabisa, diaframu iliyo chini ya kitufe imepasuka au vivalvu vyake vimechoka. Mpira huu unazeeka kwa joto la injini, na kwa maoni yangu ndio wa kwanza kushukiwa kwenye Mkonga wowote wenye umri. Pitisha kidole kuzunguka kitufe: ukikuta unyevu wa dizeli na vumbi lililogandia, umempata.

Kipimo cha pili ni paipu ya plastiki inayopitisha mwanga. Sentimita 30 zinatosha, tundu la ndani milimita 8, klipu mbili. Ifunge kati ya filta na pampu, washa, utazame. Mapovu machache ya mwanzo yanayokwisha si neno. Mapovu yanayopita mfululizo kama ya soda, injini ikiwa inanguruma, ni upepo unaoingia. Sasa hamisha paipu hiyo kabla ya filta. Mapovu yakitoweka hapo, tundu liko kwenye filta au kitufe chake. Yakiendelea, rudi nyuma: koki ya kumwagia maji kwenye kikombe cha kutenga maji, mipira ya viungo kwenye chesisi, hadi paipu ya kunyonyea iliyo ndani ya tangi, ambayo kutu huitoboa tundu za sindano.

Kipimo cha tatu ndicho hakimu. Chukua dumu la lita 5 lenye dizeli safi, liweke juu kuliko pampu na ulifunge lisianguke. Chomoa paipu ya kuingiza kwenye pampu, unganisha paipu kutoka kwenye dumu, na paipu ya kurudisha nayo uielekeze kwenye dumu hilo. Acha gari lilale hivyo usiku. Asubuhi likiwaka mara moja, ugonjwa uko kati ya tangi na pampu, na pampu ni nzima. Likigoma vile vile, hapo ndipo una haki ya kuanza kuitazama pampu, nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye silinda, na mgandamizo. Fundi anayetaka kushusha pampu kabla ya kipimo hiki, mwambie kwa heshima: fundi wangu, tulaze kwanza na dumu.

Ukishaziba tundu, toa upepo. Bonyeza kitufe mpaka kiwe kigumu. Kama bado linagoma, legeza nati za paipu za nozeli kwa spana namba 17, nusu duara tu, piga stata mpaka dizeli iteme bila mapovu, kaza. Usiweke mkono mbele ya paipu hizo. Mafuta ya shinikizo la nozeli hupenya ngozi.

Maji kwenye dizeli ni ndugu wa upepo. Taa ya filta ikiwaka, legeza koki ya chini, bonyeza kitufe cha mkono na kinga kwenye chupa ya maji isiyo na rangi. Maji yatakaa chini, dizeli juu, mstari kati yao unaonekana wazi. Endelea mpaka itoke dizeli tupu. Kwa magari yanayojaziwa kutoka kwenye mapipa vijijini, badili filta kila km 10,000, na pipa likishateremshwa liache litulie kabla ya kunyonya, mrija ukiwa juu ya kitako cha pipa. Filta mpya ijazwe kwa kitufe cha mkono, si kwa kumimina dizeli ya kopo ndani yake. Unachomimina katikati ya filta kinaweza kwenda kwenye pampu bila kuchujwa.

Moshi mweupe

Kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unaweza kukaa miaka plagi zako za hita zote zimekufa usijue. Peleka gari hilo kwenye baridi ya Njombe mwezi wa saba, au lilaze ukingoni mwa Ngorongoro kwenye mita zaidi ya 2,200, na asubuhi utajua.

Plagi ziko 6, zimeunganishwa na kipande kimoja cha chuma juu yake. Kitoe, maana kikiwepo huwezi kupima moja moja. Unganisha klipu ya taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, ncha yake iguse kichwa cha kila plagi. Inayowasha taa ni nzima, isiyowasha imekatika ndani. Usizijaribu kwa kuzichomekea waya wa betri moja kwa moja: baadhi ya plagi za 1HZ ni za volti ndogo na huungua kwa sekunde chache. Plagi zote zikiwa nzima, pima kama kile kipande kinapata moto funguo ikiwa ON na injini ikiwa baridi. Kisipopata, angalia rilei na fyuzi yake kubwa.

Tafadhali usipulizie dawa ya kuwashia, ile ya ether, kwenye injini hii. Plagi za hita zikiwa na moto, dawa hulipuka kabla ya wakati wake na huvunja ringi za pistoni.

Plagi nzima na mafuta safi, lakini moshi mweupe haukomi? Sasa pima mgandamizo na nafasi za valvu. Injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza ziwe kati ya mm 0.15 na 0.25, za kutoa kati ya 0.35 na 0.45. Zikibana mno, valvu hazifungi vizuri na injini inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, jambo ambalo wengi hulipeleka tena kwa pampu.

Vumbi, joto na ekseli ya mbele

Mkonga wenyewe, lile bomba la kuvutia hewa juu, upime pia. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, ziba mdomo wa juu kwa ubao bapa. Injini inatakiwa ikabwe na kuzimika. Ikiendelea kunguruma, kuna kiungo kinachovuta hewa isiyochujwa, mara nyingi pale bomba linapoingia kwenye bodi. Mkonga unaovuja ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa sababu unakupa ujasiri wa kuingia mtoni.

Joto likipanda kwenye nyasi ndefu, tazama rejeta kabla ya kitu kingine. Mbegu za nyasi hujipanga kati ya mapezi mpaka hewa haipiti. Osha kwa maji ya kasi ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yaani kinyume cha njia zilizoingilia. Kutoa thamostati, ile valvu inayofunguka maji ya injini yakipata joto, si tiba. Kunavuruga mzunguko wa maji.

Usukani ukitetemeka ukipita shimo kwenye kasi ya 60 au 70, inua gurudumu la mbele kwa jeki, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani pini ambazo gurudumu hugeukia usukani ukizungushwa. Beringi za gurudumu hukazwa kwa soketi ya mm 54: kaza nati ya kwanza kwa takribani Nm 60 huku unazungusha gurudumu, ilegeze mpaka igeuke kwa mkono, kaza tena kidogo mpaka mchezo uishe, kisha weka washa (pete bapa ya chuma), funga nati ya pili na ukunje washa hiyo juu ya nati. Anayeikaza kwa nguvu zake zote na kuiacha hivyo ataunguza beringi kabla ya safari kwisha.

Hapo hapo angalia duara la chuma nyuma ya gurudumu. Likilia uji mweusi mwepesi badala ya grisi, sili ya ndani imepasuka na oili ya difu inaosha grisi ya beringi. Na kama oili ya difu imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kabla ya kubadili sili tazama kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi huvuta maji kupitia kwenye sili. Kifungue, kipulize, na uvute paipu yake iishie juu ndani ya boneti.